"Sioti" na "Sikumbuki": Habari za Watu Wasio na Ndoto

Katika darasa moja la jioni la watu wazima mjini Gisenyi, tuliwapa wanafunzi wetu zoezi la insha ambalo pengine kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kulitoa walau mara moja: "Ndoto Niliyoiota". Darasa lenyewe lilikuwa la watu mchanganyiko. Walikuwamo wafanyabiashara wadogo wavukao mpaka kila siku kwenda Goma. Walikuwamo walimu wa shule za msingi waliotaka kujiendeleza baada ya Kiswahili kufanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Na alikuwamo mama mmoja wa makamo, muuza sambaza, ambaye daima aliketi karibu na mlango. Wengi waliandika juu ya matumaini yao, kama vile kujenga nyumba au kumsomesha mtoto. Wachache waliandika ndoto za usingizini hasa. Yule mama aliandika sentensi moja tu: "Mimi siotagi."

Sisi, kwa desturi ya ualimu, tukachukua kalamu nyekundu. Tukaukata ule mkia wa "-gi", tukaandika juu yake "Mimi huwa sioti", kisha tukamrudishia daftari lake pamoja na agizo kwamba insha haiwi sentensi moja. Wiki iliyofuata alilileta tena. Alikuwa ameinakili sentensi yetu kwa mwandiko safi kabisa: "Mimi huwa sioti." Hakuongeza neno.

Jambo hilo kwanza lilituudhi, halafu likatufikirisha, na ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Je, yupo mwanadamu asiyeota? Kama yupo, wazee wetu na wataalamu wa zama mbalimbali walimfahamuje? Na ikiwa hayupo, basi mtu asemaye "sioti" anasema nini hasa? Tutaanza na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu; kisha tutapita katika historia ya mbali na ya karibu, na mwisho tutarudi darasani.

MANENO YENYEWE

Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika jambo hili. Tunayo ndoto, neno la kila siku. Tunayo njozi, neno lenye uzito zaidi, ambalo aghalabu hutumika kwa yale yaonwayo yenye maana. Tunayo ruya, neno tulilolipata kwa Waarabu. Na tunalo jinamizi, lile limkaliaye mtu kifuani hata akashindwa kupiga kelele. Mtu anenaye maneno usingizini twasema anaweweseka. Kitenzi chetu kuota kinabeba mizigo mingi: mbegu huota, meno ya mtoto huota, mzee huota moto, na alalaye huota ndoto. Mwanafunzi mgeni hushangaa kuona mambo hayo yote yamekusanyika katika umbo moja, na mwalimu hana budi kumweleza kwamba kufanana kwa sauti si lazima kuwe ni undugu wa maana.

Mnyarwanda aanzapo kujifunza Kiswahili hujikuta karibu na nyumbani. Kwa Kinyarwanda kuota ndoto ni kurota, na ndoto zenyewe huitwa inzozi. Kurota na kuota, inzozi na njozi: asikiaye maneno haya hahitaji kufundishwa sana. Waganda nao husema kuloota, na Wakikuyu kuroota. Shina hili limeenea sana katika lugha za Kibantu, na tunaweza kusema bila kukosea kwamba watu walikuwa wakisimuliana ndoto kwa neno hili muda mrefu kabla lugha hizi hazijaachana.

Tuitazame sasa sentensi ya yule mama. Kiambishi tamati "-ga", ambacho husikika sana katika Kiswahili cha bara, huonyesha mazoea, na kwa mtu aliyelelewa katika Kinyarwanda si kigeni, kwani narotaga kwa Kinyarwanda ni "nilikuwa nikiota". Kiswahili sanifu hutumia "hu-" kwa mazoea: mimi huota, wewe huota, yeye huota. Lakini, kama kila mwalimu ajuavyo, "hu-" haina ukanushi wake. Huwezi kuikanusha hiyo yenyewe; lazima urudi kwenye "sioti", ama uongeze "huwa". Basi sentensi "sioti" yaweza kuwa na maana zaidi ya moja. Yaweza kuwa "sasa hivi sioti". Yaweza kuwa "si desturi yangu kuota". Na yaweza kuwa "sijapata kuota kamwe". Kuna na maana ya nne, ambayo sarufi haiionyeshi kabisa: "yawezekana naota, lakini niamkapo sikuti kitu." Historia ya jambo hili, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu walioshindwa kuitenga maana hii ya nne na zile nyingine.

WASIOOTA WA KALE

Habari ya zamani sana ya watu wasioota yahusu Afrika. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kando ya mlima Atlas, huko kaskazini ya bara letu, lilikuwako kabila la watu wasiokula chochote chenye uhai, na ambao hawaoti ndoto. Alisema hivyo kwa kusikia tu. Karne nyingi baadaye Pliny Mrumi naye akairudia habari hiyo. Hapa pana funzo kwa mwanahistoria: mgeni alipotaka kuonyesha kwamba watu fulani wako mbali mno na desturi za kwao, aliwanyang'anya kwanza chakula cha kawaida, kisha akawanyang'anya ndoto.

Aristotle alikuwa mwangalifu zaidi. Yeye hakusema habari za kabila, alisema habari za watu mmoja mmoja. Aliandika kwamba wako watu ambao maishani mwao hawajapata kuota, na kwamba wengine wao huanza kuota wakiisha kuwa watu wazima. Na akaongeza kuwa baadhi ya hao, mabadiliko hayo yalifuatwa na ugonjwa au kifo. Suetonius, mwandishi wa maisha ya wafalme wa Rumi, alimsimulia Nero kwa namna hiyo hiyo: kwamba hakuwa na mazoea ya kuota hata alipomwua mama yake mwaka 59, na baada ya hapo ndoto za kutisha zikamwandama. Kwa watu hao wa kale, basi, kutoota hakukuwa aibu wala upungufu. Kilichotisha ni siku ile ndoto zinapoanza.

Katika vitabu vya dini tunakuta kisa kingine, cha Mfalme Nebukadreza wa Babeli katika Kitabu cha Danieli. Mfalme aliota, akafadhaika, akawataka wenye hekima wake wamweleze kwanza ndoto yenyewe, kisha tafsiri yake, wasipoweza, wauawe. Wafasiri wamebishana tangu zamani: je, mfalme aliisahau ndoto, au aliikumbuka na alitaka kuwajaribu tu? Vyovyote iwavyo, kisa hicho kimehifadhi hali ambayo wengi wetu twaijua: moyo kuamka na mzigo, huku picha iliyouleta mzigo huo imekwisha toweka.

Wanafalsafa wa Ulaya walilirudia swali hili kwa nguvu katika karne ya 17. John Locke, katika kitabu chake cha mwaka 1690 juu ya akili ya mwanadamu, alitaja habari za msomi mmoja aliyemwambia kwamba hakupata kuota hata siku moja mpaka alipougua homa, naye alikuwa na umri wa miaka 25 au 26 hivi. Kwa Locke, huo ulikuwa ushahidi kwamba roho haifikiri wakati wote; fikra ambayo mwenyewe hana habari nayo si fikra. Kwa Kiswahili tungesema: lisilokuwapo machoni na moyoni halipo. Leibniz, Mjerumani, akamjibu katika maandishi ambayo hayakuchapishwa mpaka mwaka 1765, muda mrefu baada ya kufa kwake. Alishikilia kwamba yako mambo madogo madogo mengi yanayopita katika roho bila sisi kuyatambua, na kutokumbuka si hoja ya kutokuwapo. Ubishi huo wa wanaume wawili usingeweza kukatwa kwa maneno. Ulihitaji mtu wa kukaa macho usiku kucha kando ya kitanda cha mwingine, na jambo hilo lilichelewa sana.

GISENYI, CHINI YA MLIMA WA MOTO

Tuje nyumbani. Gisenyi umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, na usiku usio na mawingu, Nyiragongo ikiwa na moto tumboni, watu wa mji huona wekundu angani upande wa kaskazini. Katika mapokeo ya kubandwa, ibada ya kale ya Wanyarwanda, milima hii haikuwa mawe matupu. Yasimuliwa kwamba wale waliotiwa katika ibada ya Ryangombe wafapo huenda kukaa naye Karisimbi, mahali pa raha na baridi, na wale wasiotiwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Wafu, yaani abazimu, hawakuwa mbali. Walidai kukumbukwa, walipewa sadaka, na njia mojawapo ya kujidhihirisha kwa jamaa zao ilikuwa ni ndoto.

Katika jamii ya namna hiyo mtu angedhani kwamba asiyeota ni maskini kuliko wote, kwani mlango ambao wafu hupitia umefungwa kwake. Lakini mila ilikuwa na busara ya kutotegemea mlango mmoja. Mwenye shaka alikwenda kwa umupfumu, yaani mpiga ramli, naye akatazama kwa vifaa vyake: matumbo ya kuku, mafuta ya kondoo, ama vile vijiti vya kurusha viitwavyo inzuzi. Walimu wenzetu watatusamehe tukisimama hapa kidogo kuyatazama maneno haya mawili: inzozi ni ndoto, inzuzi ni ramli. Irabu moja tu ndiyo iliyowatenga mwenye kuota na mwenye kwenda kuulizia. Asiyepata habari usingizini aliipata mchana, mkekani pa mwaguzi, na hakuna aliyemcheka.

Kisha wakaja wageni. Mjerumani von Götzen alifika pande hizi mwaka 1894, akaipanda Nyiragongo, na msafara wake ulikuwa umetoka pwani ya Tanganyika pamoja na wapagazi wenye kusema Kiswahili. Mapadri Weupe walijenga misheni ya Nyundo, karibu na Gisenyi, mwaka 1901. Wajerumani wakaweka boma lao hapa, wakaliita Kisenyi, na askari wao na wafanyabiashara waliofuatana nao wakaleta lugha yetu na, wengi wao, dini ya Kiislamu. Mwaka 1916 Wabelgiji wakautwaa mji.

Kwa habari ya ndoto, wageni hao walileta mafunzo yaliyokaribiana kuliko walivyodhani wenyewe. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo alikuwako Yusufu, mfasiri wa ndoto za mfalme wa Misri. Kwa Mwislamu palikuwa na adabu iliyopangwa: ndoto njema yatoka kwa Mwenyezi Mungu, nayo yasimuliwa kwa umpendaye; ndoto mbaya yatoka kwa shetani, nayo haisimuliwi. Jina la Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki katika karne ya 8, lilibandikwa katika vitabu vingi vya tafsiri ya ndoto vilivyosomwa hata pwani yetu. Tuizingatie sana ile adabu ya kutosimulia. Katika mafunzo hayo kunyamaza kuhusu ndoto si upungufu wa adabu. Ndiyo adabu yenyewe. Nasi tulipomdai yule mama insha hatukulikumbuka hilo.

YALIYOGUNDULIWA USIKU WA MANANE

Ule ubishi wa Locke na Leibniz ulipata hakimu mwaka 1953, huko Chicago, Marekani. Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman waligundua kwamba mara kadhaa kila usiku macho ya mtu aliyelala huenda mbio huku na huku chini ya kope. Mwaka 1957 William Dement na Kleitman wakachapisha hesabu yao. Walipowaamsha watu katika usingizi huo wa macho kwenda mbio, mara 152 kati ya 191 watu hao walisimulia ndoto. Walipowaamsha katika usingizi mwingine, ndoto zilipatikana mara 11 tu kati ya 160. Wataalamu waliofuata wameonyesha kwamba hata usingizi wa namna nyingine una ndoto zake, ila tofauti kubwa ya mavuno ilibaki.

Mara likaulizwa swali letu. Mwaka 1959 Donald Goodenough na wenzake waliwaita watu waliosema kwamba huota mara kwa mara, na wengine waliosema hawaoti au huota kwa nadra mno. Wote wakalazwa na kuamshwa. Wale "wasioota" nao walikuwa na usingizi wa macho kwenda mbio, nao waliamshwapo wakasimulia ndoto, ingawa mara chache kuliko wenzao. Hivyo Leibniz alikuwa na haki zaidi ya Locke. Wengi wa wasemao "sioti" huota. Ila ndoto zao hazivuki kizingiti cha kuamka.

Ushahidi wa ajabu zaidi ulipatikana Paris mwaka 2015. Upo ugonjwa ambao mwili hushindwa kutulia usingizini, hata mtu akaitenda ndoto yake kwa mikono na miguu. Isabelle Arnulf na wenzake walikuta miongoni mwa wagonjwa hao watu wachache waliosema kwa miaka mingi kwamba hawaoti kabisa. Walipopigwa picha za usiku walionekana wakibishana, wakipigana, wakihutubia. Asubuhi hawakuwa na habari. Mwenyewe alisema "sioti", na mikono yake ilikuwa imeota mbele ya mashahidi.

Lakini tusiwe wepesi wa kumwambia kila mtu kwamba anajidanganya. Wako ambao ndoto zimewapotea kweli. Charcot, tabibu wa Ufaransa, mwaka 1883, na Wilbrand, tabibu wa Ujerumani, mwaka 1887, walieleza wagonjwa ambao baada ya kudhurika ubongo waliona ndoto zao zimebadilika au zimekwisha. Mwaka 2004 matabibu wawili wa Uswisi, Bischof na Bassetti, walimweleza mama mwenye umri wa miaka 73 aliyepatwa na kiharusi upande wa nyuma wa ubongo. Kwa muda wa miezi kadhaa hakuwa na ndoto hata moja, na hata alipoamshwa katika usingizi wa macho kwenda mbio hakuwa na la kusimulia. Basi "sioti" ya kweli ipo, ingawa ni adimu.

KWA NINI TWASAHAU

Kwa hao wengi wasahaulifu, sababu si kubwa kama watu wadhanivyo. Kwanza ni namna ya kulala. Huko Lyon, Ufaransa, Perrine Ruby na wenzake waliwalinganisha watu wakumbukao ndoto karibu kila siku na wale wakumbukao moja au mbili kwa mwezi. Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba wakumbukao hukaa macho katikati ya usiku kwa jumla ya dakika 30 hivi, na wasahauo nusu yake. Ubongo uliolala hauandiki. Mtu hana budi kuamka kidogo ili ndoto ipate kuandikwa. Alalaye fofofo huikosa.

Pili ni namna ya kuamka. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Cohen na Wolfe, waliwataka baadhi ya watu, mara waamkapo na kabla ya kuandika ndoto zao, wapige simu kuuliza hali ya hewa. Shughuli hiyo ndogo ilitosha kuzipoteza ndoto nyingi. Tatu ni saa ya kuamka: usingizi wa macho kwenda mbio huwa mrefu zaidi karibu na alfajiri, na akatizwaye usingizi saa kumi ya usiku hukatiwa sehemu iliyo nono.

Sasa tuitazame asubuhi ya Gisenyi kwa macho hayo. Mchuuzi wa mpakani huamka gizani ili awe mstarini kabla mpaka haujafunguliwa. Jambo la kwanza kichwani mwake ni bei ya leo ya fedha za Kongo. Wavuvi wa Kivu hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakavua usiku kucha kwa taa, wakarudi na sambaza, samaki wadogo walioletwa humu ziwani mwaka 1959 kutoka Tanganyika, ambako ndugu zao huitwa dagaa. Wao hulala mchana, katikati ya makelele. Muuza sambaza naye hana budi kuwapo ufukoni wakati mitumbwi inapowasili. Mtu wa namna hiyo akisema "sioti", hasemi kitu cha ajabu. Anaeleza ratiba yake.

KUSAHAU KULIKO DAWA

Hata hivyo, ratiba peke yake haitoshi kuieleza Gisenyi, na mwandishi atakayesema habari za usiku wa mji huu bila kuutaja mwaka 1994 atakuwa amewapunja wasomaji wake. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza tarehe 7 Aprili mwaka huo. Mjini Gisenyi watu waliuawa na kutupwa kwenye makaburi yajulikanayo kwa jina la Commune Rouge, ambapo leo ni mahali pa kumbukumbu. Katikati ya Julai watu wapatao milioni moja walipita katika mji huu kwa siku chache, wakikimbilia Goma. Vita vya wacengezi vikafuata katika eneo hili mwaka 1997 na 1998. Na mlima nao haukunyamaza: Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, halayiki ya watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yaliyofuata yakazipasua nyumba nyingi za Rubavu.

Kinyarwanda kina neno, ihahamuka, ambalo baada ya 1994 lilikuja kutumika kwa ajili ya mtu arudiwaye na mambo yale hata akakosa pumzi. Hali hiyo huongezeka wakati wa maombolezo ya kila Aprili, na usiku, kwa njia ya ndoto, huwa ni mojawapo ya milango yake. Kwa waliopatwa na hayo, kuota si mchezo wala kipaji.

Hapa uchunguzi mmoja uliofanywa mbali na Rwanda watupa la kutafakari. Mwaka 1991 Hanna Kaminer na Peretz Lavie, huko Haifa, Israeli, walichapisha habari za Wayahudi waliookoka mauaji ya Wanazi, miaka zaidi ya 40 baada ya vita. Waliwalaza na kuwaamsha katika usingizi wa macho kwenda mbio. Watu wa kawaida walikumbuka ndoto takriban mara nne kati ya tano. Waliookoka ambao bado walisumbuka sana maishani walikumbuka mara chache zaidi. Na waliookoka ambao walikuwa wameyatengeneza maisha yao vizuri kuliko wenzao walikumbuka takriban theluthi moja tu. Wachunguzi hao wakaona kwamba kwa watu hao kusahau ndoto hakukuwa ugonjwa. Kulielekea kuwa ni kinga. Wachunguzwa walikuwa wachache, na wala hatuna haki ya kuyachukua mambo ya Haifa na kuyabandika juu ya Gisenyi. Lakini uchunguzi huo watosha kumzuia mwalimu asidhani kwamba ukurasa mtupu ni uvivu.

LILILO JUU YETU WALIMU

Tumerudi darasani. Hatujui kwa nini yule mama haoti, au hakumbuki. Yawezekana ni mitumbwi ya alfajiri; yawezekana ni usingizi mzito wa mtu aliyechoka kwa kazi halali; yawezekana ni jambo jingine. Hatukumwuliza, na hatutamwuliza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Alitupa sentensi moja iliyo kweli, tukaisahihisha, naye akaturudishia ile ile ikiwa imesahihishwa. Sarufi ilikuwa imekamilika. Kosa lililobaki lilikuwa letu.

Kwa hiyo twapenda kuwashauri walimu wenzetu mambo matatu. La kwanza, tunapofundisha ukanushi wa mazoea, tuitumie nafasi hiyo kuwaonyesha wanafunzi tofauti ya "sioti", "sijaota", "sikuota" na "sikumbuki kuota". Ni somo zuri la nyakati, na zaidi ya hapo ni somo la kusema kweli kwa kipimo chake. La pili, insha juu ya ndoto isiwe ya lazima. Iwekewe mwenzake, kama vile "Asubuhi Yangu", ili asiye na ndoto, au asiyetaka kuifungua yake, apate pa kusimama sawa na wengine. La tatu, anayetaka kweli kukumbuka ndoto zake twaweza kumpa mashauri mepesi: aamkapo asiondoke kitandani upesi, asishike simu, atulie kama alivyolala, kisha aandike hata neno moja. Lakini mashauri hayo ni kwa atakaye tu.

Wanyarwanda huamkiana asubuhi kwa kusema mwaramutse, na jioni huagana kwa muramuke; yote mawili yahusu kuufikia upande wa pili wa usiku. Salamu hizo haziulizi ulichokiona njiani. Zauliza kama umefika.

Wiki ya tatu tulimpa yule mama kichwa kipya cha habari. Alituandikia kurasa mbili juu ya ufuko saa kumi na moja ya alfajiri: wavuvi wanavyosikika wakiimba kabla hawajaonekana, taa zinavyozimwa moja baada ya moja, na jinsi ya kumjua sambaza aliyevuliwa usiku ule na yule wa jana. Alitumia "-ga" mara tisa. Tulizihesabu, tukampigia mstari wa penseli chini ya mbili tu.